Asumini ya Stockholm si Asumini

Kabla ya mwaka 1753, jina Syringa lilikuwa la miti miwili. Waandishi wa vitabu vya mitishamba wa Ulaya waliupa jina hilo mti wa maua ya zambarau yanayokaa katika vichala, wakaupa vilevile mti mwingine wa maua meupe, usio ndugu wala jamaa wa ule wa kwanza. Kilichoifanya ionekane mmoja ni matawi. Matawi ya miti yote miwili yana moyo laini, mwepesi kutoboka, na ukishautoa unabaki na mrija unaofaa kwa filimbi au kwa kiko. Kwa Kigiriki mrija wa namna hiyo ni syrinx. Sirinji ya hospitali nayo imetoka hapo hapo.

Aliyekata shauri ni Carl Linnaeus. Kitabu chake, Species Plantarum, kilichochapishwa hapa Stockholm mwaka 1753 na Lars Salvius, kiliuachia mti wa zambarau jina Syringa vulgaris, na wa maua meupe kikauita Philadelphus coronarius. Tangu hapo wanasayansi hawakuyumba tena. Watu wengine ndio tulioendelea kuyachanganya majina, Waswidi kwa namna yao na sisi wasema Kiswahili tunaoishi huku kwa namna yetu. Mchanganyiko huo una gharama, kwa sababu jina la mti humwelekeza mwenye bustani aupande wapi, ashike mkasi lini, na majira ya baridi auache nje au auingize ndani.

Waswidi huuita wa kwanza syren na wa pili schersmin. Utaikuta nyuani mwa nyumba za zamani, kando ya vibanda vyekundu vya mbao katika visiwa vilivyo nje ya jiji, na katika bustani za Tantolunden huko Södermalm, ambako vijibustani vya kukodi vilianza kulimwa mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, chakula kilipokuwa haba. Vijibustani hivyo huitwa koloni. Neno hilo humshtua mtu wa Afrika Mashariki anapolisikia mara ya kwanza, kwa kuwa masikioni mwetu lina historia nyingine kabisa. Hapa lina maana ya kipande cha ardhi cha mtu wa mjini asiye na shamba. Anna Lindhagen, mwanamke aliyelipigania jambo hilo kuliko wote katika jiji hili, alitaka familia za wafanyakazi walioishi katika vyumba vya kubanana zipate jua, mboga na mahali pa kupumzikia. Jumuiya iliyoundwa mwaka 1906 kwa juhudi zake ingalipo, na bustani zake zinalimwa mpaka leo.

Lisikilize neno schersmin linavyotamkwa: sh mwanzoni, smin mwishoni. Ni jasmin iliyopita katika vinywa vya watu wengi hadi ikapinda. Wazee wengi bado husema jasmin tu, na wenye kujali usahihi huongeza neno oäkta, yaani isiyo ya kweli. Sasa lisikilize neno asumini. Nalo ni yasmini, neno la Kiajemi lililotufikia kupitia Kiarabu, likapita katika vinywa vyetu na kupata umbo letu. Mwanaisimu Abdulaziz Lodhi, mzaliwa wa Zanzibar aliyefundisha Kiswahili kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha Uppsala, alitoa mwaka 2000 kitabu kizima kuhusu maneno ya Kiswahili yenye asili ya Asia, Oriental Influences in Swahili. Ukikisoma unaelewa kwamba bahari ilituletea majina ya maua pamoja na majina ya vitambaa na viungo. Kwa hiyo schersmin na asumini ni ndugu wa damu, maana wana wa neno moja la Kiajemi. Undugu huo ni wa maneno tu, na hapo ndipo watu wanapopotea.

Nimemsikia bibi mmoja wa Unguja, aliyekuja kumtembelea binti yake, akisimama kwenye uzio wa bustani mwishoni mwa Juni na kuvuta pumzi ndefu.

“Mjukuu wangu, hii asumini ya wapi?”

“Siyo asumini, bibi.”

“Kama siyo, inaitwaje?”

Kijana akasema jina la Kiswidi. Bibi akalijaribu, likamshinda, akasema basi yeye ataiita asumini. Haki alikuwa nayo ya kuuliza, na jibu la Kiswahili hakupewa kwa sababu hatunalo.

Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa kutofautisha maua ya kunukia. Ana asumini ya kupandwa, ambayo mti wake ni mwasumini, na ana afu, ua la mwafu, asumini ya mwituni. Maua mawili ya jamaa moja, kila moja na jina lake, na la mti wake pembeni. Lugha iliyopima kwa makini namna hiyo isikubali kulitupia jina asumini kila ua jeupe lenye harufu nzuri.

Kipo kipimo ambacho kila msichana aliyelelewa Zanzibar, Mombasa au Lamu anakijua kwa vidole vyake, ingawa hajawahi kukiita kipimo: kutunga. Asumini hutungika. Ua lake ni mrija mwembamba uliofunguka nchani, petali zote zimeungana chini, kwa hiyo uzi unapita katikati na ua linabaki zima kwenye koja. Chukua ua moja la schersmin ujaribu hivyo hivyo. Lina petali nne zilizo huru, kila moja imeshikilia peke yake, na katikati mna kichaka cha stameni za njano zaidi ya ishirini. Ukiligusa kwa sindano petali zinadondoka. Kisha chukua ua moja la syren kutoka kwenye kichala chake. Ni dogo, nalo ni mrija, ncha zake nne zimeungana, stameni mbili zimefichwa ndani kama za asumini. Hilo linatungika vizuri kabisa.

Uzi umesema kweli. Mti wa zambarau, ambao Waswidi hawauiti asumini, ndio jamaa halisi wa asumini. Wataalamu wa mimea wanaiweka yote miwili katika ukoo wa mzeituni, Oleaceae, pamoja na loliondo, mti wa mbao wa nyanda za juu za Kenya na Tanzania. Mti mweupe, unaobeba jina la asumini katika lugha ya Kiswidi, umo katika ukoo wa haidrenjia. Pua iliutafutia jina mti usiohusika na kumpita ndugu aliyesimama upande wa pili wa njia. Pua za Ulaya zenyewe hazikuafikiana: Waingereza walinusa maua ya mchungwa wakauita chungwa bandia, na Wajerumani, pamoja na kusema asumini ya uongo, wana jina jingine linaloukumbuka ule mrija wa kiko.

Gharama niliyoitaja inaanzia hapa. Asumini ya kweli ni mtoto wa joto. Hapa Stockholm huuzwa katika vyungu majira ya baridi yanapokaribia kwisha, hukaa dirishani penye mwanga, na baridi ya Januari ikiipata nje inakufa. Bustani ya Bergianska, iliyoanzishwa mwaka 1791 kwa urithi wa ndugu wawili, Bengt na Peter Jonas Bergius, na kuhamishiwa Frescati mwaka 1885, ina nyumba ya vioo iliyopewa jina la Edvard Anderson, ambamo mimea ya Mediterania na ya tropiki huishi chini ya joto la kutengenezwa. Huko ndiko mahali pa jamaa zetu wa joto. Schersmin haitaki lolote kati ya hayo. Itaganda, itapukutisha majani, itasimama vijiti vitupu kuanzia Novemba mpaka Aprili, na mwaka wa pili itachanua. Aliyeipokea kwa jina la asumini akaipanda chunguni na kuiweka sebuleni penye joto, ameinyima usingizi inaouhitaji.

Syren ndiyo imara zaidi. Waswidi wameigawa nchi yao katika kanda nane za upandaji, ya kwanza kusini na ya nane kaskazini kwenye baridi kali, na Stockholm kwa sehemu kubwa iko katika ya pili na ya tatu. Schersmin inafika mbali kwenye kanda hizo, na syren inafika mbali zaidi. Asili yake ni vilima vya mawe vya Balkani. Inasimuliwa kwamba Ogier de Busbecq, balozi wa Vienna aliyekuwa Istanbul wakati wa Sultani Suleiman katika karne ya 16, ndiye aliyeipeleka Ulaya ya kati. Katika karne ya 17 ilikuwa imekwisha fika kwenye bustani za Uswidi. Huishi miaka mingi kupita waliopanda. Ukitembea vijijini nje ya jiji utakuta duara la syren limesimama peke yake katikati ya majani. Hapo palikuwa na nyumba, na huenda mawe ya msingi bado yapo chini ya nyasi.

Duara hilo lina jina, berså, neno walilolichukua kwa Wafaransa. Watu hupanda syren mviringo, wakaacha mlango mmoja, wakaweka meza na viti ndani, na Juni familia hunywa kahawa humo chini ya maua. Nimesoma tafsiri za Kiswahili zinazosema kibanda cha maua. Kibanda kina paa na huwa ni cha kujisitiri mvua. Mahali pa kukaa nje ya nyumba, pa kupokelea jirani, pa mazungumzo na kahawa, Kiswahili kina neno lake tangu kale, nalo ni baraza. Baraza ya syren: hakuna msomaji wa Lamu au Bagamoyo atakayeuliza maana.

Mahitaji ya syren hayana siri. Inataka jua la kutosha. Kivulini itarefuka na kutoa majani, maua kidogo. Inataka udongo usiotuamisha maji, na haipendi udongo wenye asidi, kwa hiyo penye asidi watu huongeza chokaa kidogo. Samadi nyingi inainenepesha majani kwa hasara ya maua. Mche mchanga huweza kukaa miaka kadhaa kabla ya kuchanua, na mwenye haraka huudhania umeharibika. Inahitaji pia baridi ya kweli. Baridi ndiyo inayoyaandaa matumba yake kufunguka, na hii ndiyo sababu siwashauri wanaouliza kama wanaweza kuupeleka mche Tanga au Malindi. Utaishi kwa shida na kichala hutakiona.

Nimeandika tumba kwa makusudi. Kiswahili kinalitenga tumba la ua na chipukizi la jani, na katika kazi hii tofauti hiyo ndiyo kila kitu. Syren hutengeneza matumba ya mwaka ujao katika kiangazi cha mwaka huu, wiki chache baada ya vichala kunyauka. Matumba hayo hukaa nchani mwa matawi mwaka mzima, yakapita theluji, yakafunguka mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni. Anayepogoa Oktoba, kwa kuwa ndipo anapofanya usafi wa bustani, amekata maua ya mwaka ujao yote na kuyatupa kwenye mboji. Wakati wa kukata ni mmoja: mara tu inapomaliza kuchanua. Waswidi wana msemo wa siku nzuri kuliko zote katika mwaka wao, mellan hägg och syren, kipindi kati ya kuchanua kwa hägg, mti wa vichala vyeupe wa mwezi Mei, na kuchanua kwa syren. Husimuliwa habari za fundi viatu aliyefunga duka lake na kuweka tangazo kwamba amekwenda mapumziko katika kipindi hicho. Mwenye bustani na aongeze kipindi chake: kati ya kunyauka kwa syren na kufika kwa sikukuu ya Midsommar, mkasi uwe mkononi.

Na kinachokatwa ni nini? Vichala vilivyokauka, kwanza. Neno kichala, la zabibu, ndilo linalofaa hapa kuliko shada, maana shada limefungwa na mkono wa mtu na kichala kimejifunga chenyewe. Waswidi nao husema klase kwa zabibu na kwa syren vilevile. Kisha maotea, yale machipukizi yanayotoka mizizini mbali na shina. Syren huyatoa kwa wingi usiokoma. Ikiwa ni ile ya kawaida iliyoota kwa mizizi yake mwenyewe, maotea ni watoto wake, unaweza kuyahamisha na kupanda baraza nzima bila kununua mche. Lakini mche ukiwa umebebeshwa, maotea ni ya mti wa chini, na yakiachwa yatauzidi nguvu mti wa juu uliolipia. Anayejua neno kubebesha anayajua maembe na machungwa ya kubebeshwa kule nyumbani. Kanuni ni ile ile, kila kilicho chini ya kiungo kiondolewe.

Schersmin inafuata kanuni hiyo hiyo ya wakati, ila inakwenda njia nyingine. Inachanua syren ikiwa imekwisha, kuanzia mwishoni mwa Juni na kuingia Julai, nayo pia huchanua kwenye matawi ya mwaka uliopita, kwa hiyo inakatwa baada ya maua. Lakini tabia ya mwili wake ni tofauti. Syren hujenga mashina machache manene yanayodumu, na kwa miaka mingi inakuwa mti wa mita tatu, nne, hata zaidi. Schersmin haijengi hivyo. Kila mwaka inatoa fimbo mpya kutoka chini kabisa, zinachanua vizuri miaka michache, kisha zinazeeka, zinajaa vijiti vikavu, na maua yanahamia juu pasipofikika. Ukiikata juu juu ili iwe fupi na ya mviringo unaiharibu. Itatoa fagio la vijiti nchani na chini itabaki kipara. Mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro anaijua kazi hii bila kuambiwa: shina lililochoka linakatwa chini, chipukizi lenye nguvu linaachwa lishike nafasi, na kila mwaka unaondoa sehemu tu ya yale ya zamani. Kiswahili kina pogoa kwa matawi na punguza kwa mashina. Syren hupogolewa. Schersmin hupunguzwa. Nikipewa nafasi ya kuandika kijitabu kimoja tu kwa wenzangu wa huku, sentensi hizo mbili zingekuwa ukurasa wa kwanza.

Kwa mengineyo schersmin ni mpole. Inavumilia kivuli kiasi, inaota katika udongo wa kawaida, na ikizeeka kupita kiasi unaweza kuikata yote karibu na ardhi mwishoni mwa majira ya baridi. Itachipua upya, ingawa itakunyima maua ya mwaka huo. Adui yake mmoja anastahili kutajwa kwa sababu anamhusu mwenye kulima chakula. Vidukari weusi wa maharage hutaga mayai yao ya majira ya baridi kwenye miti kadhaa, na schersmin ni mmojawapo. Majira ya kuchipua huanzia hapo, ncha za matawi zinajikunja, kisha wenye mabawa huruka kwenda kwenye maharage. Katika kijibustani chembamba cha koloni, usivipande vitu hivyo viwili bega kwa bega.

Hapa istilahi inagonga mwamba mwingine. Kamusi nyingi zitakuambia mmea wa namna hii ni kichaka. Mimi sikubali. Kichaka ni mahali: nyoka amejificha kichakani, mbuzi ameingia kichakani. Ni mkusanyiko wa mimea, tena isiyotunzwa. Hakuna aliyewahi kuuita mwasumini wa nyumbani kwake kichaka, hata usipofika begani. Huuita mti, na mwaridi vilevile. Neno letu mti halikupimwa kwa urefu. Kinachotofautisha buske, hicho wanachokitafsiri kichaka, na träd, yaani mti, katika Kiswidi ni idadi ya mashina zaidi kuliko kimo, na hilo tunaweza kulisema waziwazi: mti wa mashina mengi. Ni maneno manne badala ya moja, lakini yanamwambia mwenye mkasi jambo la kweli, na kichaka halimwambii kitu.

Sasa majina. Kwa syren sina shaka. Waarabu huuita lilaki, neno ambalo wanaisimu hulirudisha kwenye nilak ya Kiajemi, kitu chenye rangi ya buluu kidogo, na nyuma yake kuna nila ya Kisanskriti. Sisi tunaijua nila hiyo. Ni nili, ile ya kutilia nguo nyeupe maji ya mwisho. Wafaransa walilichukua neno, Wajerumani wakafanya lila, na leo kila mtoto wa Kiswidi anayechagua kalamu ya rangi ya zambarau anasema lila na kuutaja mti pasipo kujua. Sisi tulifanya vivyo hivyo kwa mti wetu: tunda la mzambarau likawa rangi. Urujuani tunaoutumia katika maandishi ya heshima nao una jamaa yake katika Kiajemi, arghavan, jina la mti wenye maua ya rangi hiyo. Lugha tatu mbalimbali zimeitafuta rangi moja na kila moja imeishia mtini.

Basi lilaki iwe ua, na mti wake mlilaki, wingi mililaki. Limepita mlango ule ule lilimopita limau na mlimau. Halina konsonanti za kugongana, halifanani na neno lolote tulilonalo, na mtu wa Muscat na mtu wa Stockholm watalielewa kwa pamoja.

Schersmin ndiyo yenye mjadala. Wako wanaosema asumini ya Ulaya, na nimekwisha eleza kwa nini siitaki. Wako wanaopenda asumini bandia, kwa kufuata oäkta ya Waswidi. Bandia kwetu ni dawa iliyoghushiwa na noti isiyopokelewa sokoni. Mti uliotendea haki bustani za watu kwa karne kadhaa haustahili kuitwa hivyo kwa kosa la kunukia vizuri. Nimefikiria shesmini, kwa kulikunja neno la Kiswidi. Linatamkika na lina utamu wake, ila litakuwa neno la Stockholm pekee. Mswahili wa Toronto au wa Hamburg, anayeuona mti ule ule dirishani kwake, halitamfaa.

Linabaki jina la kisayansi, nami naliona linatosha: filadelfi ni ua, mfiladelfi ni mti. Philadelphus ni lakabu ya Ptolemaio wa Pili, mfalme wa Misri wa karne ya 3 kabla ya Kristo, na maana yake ni ampendaye ndugu. Sauti yake si ngeni. Aliyesoma Biblia anaijua Filadelfia katika kitabu cha Ufunuo. Na ile sehemu ya pili ya jina aliyoichagua Linnaeus, coronarius, maana yake ni ya mataji, ya kuvikwa kichwani. Ikiwa mtu anataka kuukaribisha mfiladelfi karibu na asumini, aukaribishe hapo, kwenye taji, mahali pa matumizi, si mahali pa ukoo.

Mtu atauliza kama inafaa sisi kuchukua Kilatini cha wataalamu. Inafaa, na njia hiyo imepitwa pande zote mbili. Mwaka 1970 Bernard Verdcourt, mtaalamu wa mimea wa Kew, London, alipoutenga katika jenasi yake mwenyewe mti mmoja wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania wenye ua la kunukia ambalo wanawake wa pwani hulipenda, hakuupa jina la mfalme wala la mfadhili. Aliuita Mkilua fragrans. Mkilua, pamoja na m yake ya ngeli, umo katika orodha za sayansi za dunia nzima kwa sababu watu wa pwani walikuwa wameshaupa mti jina lililo moja na lisilo na utata. Hicho ndicho kigezo, na mlilaki na mfiladelfi vinakifikia.

Stockholm ilikuwa na kituo cha istilahi, TNC, kilichofanya kazi kuanzia 1941 hadi 2018. Benki yake ya istilahi ya taifa sasa iko mikononi mwa taasisi ya lugha ya serikali, na yeyote anaweza kuitafuta bure. Sisi tuna BAKITA tangu 1967, tuna BAKIZA Zanzibar, na kazi yao kubwa imekuwa istilahi za utawala, sheria, elimu na teknolojia. Sasa Kiswahili kinasemwa ambako kuna theluji, na watoto wanakisoma katika masomo ya lugha ya nyumbani kwenye shule za jiji hili. Mtoto anayeweza kusema mnazi na mwembe, miti ambayo hajaiona, asishindwe kuutaja mti anaoupita kila asubuhi akienda shule. Naviomba vyombo hivyo viwili viyapime majina haya, viyasahihishe ikibidi, na viyachapishe pamoja na ya miti mingine ya nchi za baridi ambako wasemaji wetu wanaishi.

Wakati hayo yakisubiriwa, liko la kufanya sasa. Siku ya Kiswahili Duniani ni tarehe 7 Julai. Hapa Stockholm tarehe hiyo mfiladelfi kwa kawaida bado una maua, na mlilaki unapaswa kuwa umeshakatwa vichala vyake. Wenye bustani za koloni, walimu wa Kiswahili, na wazazi wenye ua wa nyumba, andikeni majina hayo mawili kwenye vibao vya mbao, myafunge mtini siku hiyo, na chini ya jina la kila mti mwandike neno moja la matunzo: kwa mlilaki, pogoa, kwa mfiladelfi, punguza.